Mlango wa Mama Mkwe

Mume wangu Edwin ni Mmakonde wa Newala, na Wamakonde wanasifika dunia nzima kwa kuchonga. Huyu wangu hata penseli anachongewa na wanafunzi. Ni mwalimu wa historia hapa Kilwa Masoko, anamjua kila sultani aliyekalia kiti kule kisiwani na kila aliyemwondoa, lakini balbu ikiungua nyumbani, anayepanda kwenye stuli ni mimi. Simsemi vibaya. Nilimpenda kwa macho yangu mawili, na stuli yenyewe ni yangu, niliinunua pamoja na cherehani.

Nayasema haya ili ieleweke kwa nini nilicheka siku aliposema mlango wa gari atautengeneza mwenyewe.

Gari letu lilikuwa limeshapita mikono mitatu kabla ya kutufikia. Mlango wa nyuma wa kulia uligongwa enzi za mwenye nalo wa kwanza. Ukanyooshwa, ukapigwa rangi, ukapendeza, ila kufunguka haukufunguka tena. Tukawa tunautumia wa kushoto, mpaka nao ukagoma. Ukibonyeza rimoti, milango ya mbele inaitika kwa pamoja, kwa! Huo wa nyuma unakoroma kidogo ndani kwa ndani, halafu kimya. Uvute kwa nje, wapi. Uvute kwa ndani, wapi. Tulimpelekea fundi Klementi, akasikiliza mara moja bila hata kunawa mikono, akasema, "Mota ya loki imekufa." Akaongeza kwamba ana foleni ya wiki mbili.

Wakati mwingine tungesubiri hizo wiki mbili bila shida. Sisi tulikuwa wawili tu, na wawili wanatosha kiti cha mbele. Lakini mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, na mama yangu alikuwa anakuja Jumamosi.

Kwetu Nyangamara mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake mzaa mama. Binti hurudi kwao mimba ikifika mwezi wa nane, akajifungua huko, akatimiza huko siku zake arobaini, na mume hupigiwa simu. Dada zangu wawili walifanya hivyo, na mashemeji wote wawili walipigiwa simu. Edwin hakutaka kupigiwa simu. Aliwahi kunisimulia, mara moja tu na taa ikiwa imezimwa, kwamba baba yake alikuwa kibarua mbali na alimwona kwa mara ya kwanza akiwa ameshaanza kutembea. Yeye Edwin alipomwona baba yake alilia, akakimbilia nyuma ya gauni la mama yake. Alitaka wa kwake amzoee tangu kilio cha kwanza. Mimi nami, niseme ukweli, nilitaka kubaki. Nampenda mama yangu, lakini nilitaka siku ile nimwone Edwin akitetemeka.

Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe asingeweza kumwomba Mama. Katika ukoo wetu, mama na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana mpaka inakuwa kazi. Hawali sahani moja, hawakai benchi moja, hawatazamani usoni. Wakiwa na neno, linapitia kwangu, hata kama wamekaa hatua tatu. "Mwambie mwenzako chai inapoa," anasema Mama. Mwenzangu anasikia, ana masikio. Lakini ananisubiri mimi niseme, "Edwin, chai inapoa," ndipo aseme, "Mwambie Mama, asante." Miaka minne ya ndoa nimekuwa mnara wa simu.

Basi nikampigia Mama. Nikamweleza kwamba hospitali kubwa iko Kivinje, nusu saa tu, na gari tunalo.

Akauliza, "Gari lenyewe si ndilo lile uliloniambia halifunguki?"

Mdomo wangu huu. Wiki moja nyuma nilikuwa nimemlalamikia mwenyewe.

"Linatengenezwa, Mama."

"Nani anatengeneza?"

Nikakohoa. Mama hajasahau siku ya posa. Wajomba zangu walimpa Edwin jembe atie mpini, kama wanavyopewa wakwe wote kwetu, akatia. Mjomba mmoja akalinyanyua kulijaribu, jembe likachomoka likaenda kutua kwenye sufuria ya mchuzi. Kitoweo chenyewe kilikuwa cha wageni.

"Nitakuja Jumamosi nione kwa macho," Mama akasema. "Nikikuta gari linafunguka na mwenye gari anaeleweka, utazalia huko. Nikikuta vinginevyo, Jumatatu tunapanda basi, mimi na wewe."

Ndiyo maana wiki mbili za Klementi hazikutufaa. Na mtu asiniulize kwa nini Mama asikae kiti cha mbele. Mkwe na mama mkwe bega kwa bega, kutoka stendi ya Nangurukuru hadi Masoko? Mama angepanda kwenye buti kwanza.

Edwin aliagiza mota Dar es Salaam, kwa muuza vifaa wa mitumba, ikaja kwa basi. Ilikuwa ya mlango wa kulia. Alimwambia muuzaji "kulia", maana alikuwa amesimama mbele ya gari, analitazama uso kwa uso. Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Ya pili ilifika Alhamisi jioni, na Ijumaa baada ya vipindi mwalimu wangu alivua shati la kazi, akavaa fulana ya mwenge wa mwaka fulani, akaingia garini.

Kuingia kwenyewe kulikuwa na mambo. Milango miwili ya nyuma haifunguki, kwa hiyo ilibidi apite mbele na kujipenyeza katikati ya viti. Akakwama kiunoni. Nje tukawa tunaona miguu miwili tu imeinuka, na soksi moja ina tundu.

Jirani yetu Bi Kudra alikuwa ameshahamishia kiti chake barazani kwake, upande unaotazama kwetu. Ni mtu mzima, mwenyeji wa pwani hii tangu mababu, na hapitwi.

"Devota," akaniita, "mumeo anatengeneza gari au anazaliwa?"

"Vyote viwili, Bi Kudra."

"Haya. Akitoka salama nijulishe nipige vigelegele."

Edwin alikuwa na video kwenye simu. Mwenye video haonekani uso, ni mikono tu, tena misafi, inayofungua kila kitu kwa dakika tano. Alianza vizuri. Kwanza skrubu iliyojificha chini ya kishikio cha kuvutia mlango. Kisha nyingine nyuma ya kitasa cha ndani, ina kifuniko kidogo cha plastiki, akakiangusha chini ya kiti na mpaka leo kiko huko. Baada ya hapo ubao wa ndani wa mlango unatakiwa ung'olewe kwa kubanduliwa pembeni, maana umeshikwa na klipu za plastiki kuuzunguka wote. Mikono ile ya kwenye video ilikuwa na kifaa maalumu cha kubandulia.

"Devota," Edwin akaita, "tuna kitu chembamba, kigumu, lakini kisichochubua?"

Nikampelekea mwiko wangu wa ugali.

Klipu ya kwanza ikaachia, pa! Ya pili, pa! Ya tatu ikavunjika. Akatoa kichwa dirishani kuniangalia nimechukiaje, kwa sababu ya mwiko na si ya klipu. Zilivunjika tatu kati ya tisa. Ubao ukatoka, akachomoa waya wa swichi ya kioo, akabandua ile nailoni ya ndani polepole huku akiongea nayo. Halafu akaingiza mkono wote ndani ya mlango, akafumba macho.

Hapo mimi nilikuwa nimesogea. Nikaegemea dirisha. Nashona nguo za watu, cherehani yangu naifungua mwenyewe na kuitia mafuta mwenyewe, na vidole vyangu viliwasha kutaka kuingia. Nikajizuia. Yule mtu alikuwa anatafuta kitu chake humo.

"Kuna kijifimbo," akasema. "Nakigusa. Sasa nakivuta."

Mlango ukafunguka, tak, taratibu, kama vile haujawahi kuwa na shida na mtu. Edwin akaporomoka nao nusu nje. Bi Kudra akapiga vigelegele kweli.

Kazi iliyobaki ilikuwa ubavuni mwa mlango, pale panapobana unapofungwa. Kitasa chenyewe kimeshikwa na skrubu tatu za kichwa cha nyota, na kwenye kitasa ndipo ilipobanwa mota. Bisibisi ya nyota hatuna. Akaenda kuazima kwa fundi pikipiki wa njia panda, akarudi na ya nyota na kijana mzima wa kumtazama, nikamwambia yule kijana aende, kwetu si sinema. Akafungua kitasa, akatoa mota iliyokufa. Kitu chenyewe kidogo, cheusi, kinaenea kiganjani. Akakigeuzageuza.

"Yaani huyu ndiye," akasema. Nilimwona anakionea huruma.

Akabana mpya, akarudisha kitasa, akaunga kijifimbo na waya. Video ilisema usifunge mlango kabla hujajaribu, usije ukajifungia tena. Akatii. Akausukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ukashika, akabonyeza rimoti.

Kwa!

Milango mitatu ikaitika kwa sauti moja. Edwin alibonyeza tena. Na tena. Akafunga mlango, akaufungua, akaufunga. Nilihesabu mara kumi na nane, nikaacha kuhesabu kwa sababu macho yalikuwa yananilengalenga, na mimba hunifanya mjinga. Skrubu moja ilibaki mkononi mwake bila kujulikana inatoka wapi. Nikaificha kwenye kopo la vifungo. Hakuna haja ya kila mtu kujua kila kitu.

Jumamosi akaondoka mapema mno kwenda Nangurukuru, akiwa amevaa shati la kikao cha wazazi. Mimi nikabaki uani napika. Nilichinja jogoo, nikatia nazi, nikachambua mchele vizuri maana Mama hasamehi kokoto. Nilikadiria watafika saa saba. Saa saba ikafika. Ikafika na robo. Nikasema basi limechelewa. Saa nane kasoro dakika ishirini nikampigia Edwin, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, vilevile. Hapo nikaanza kuona mambo. Nikaona gari mtaroni. Nikaona mlango umegoma pale stendi mbele ya watu wote, na Mama anapanda basi la kurudi bila hata kunipungia.

Nikapiga mara ya tatu huku natembea kuelekea mbele ya nyumba, na ndipo nikasikia simu ya Edwin inalia. Ilikuwa inalia nje ya ua wetu.

Gari lilikuwa limeegeshwa kivulini, chini ya mti wa mkungu, limetulia. Simu ilikuwa inalia kwenye kiti cha mbele. Kiti cha nyuma alikaa Mama, mgongo wima, kitenge kimefungwa vizuri, rozari mkononi, anaitazama simu inavyolia kama anavyomtazama mtoto wa mtu asiye na adabu.

"Mama!"

"Nimefika," akasema.

"Saa ngapi?"

"Saa saba kasorobo."

Nilikuwa nimesimama pale na mwiko mkononi. Saa nzima, kasoro dakika chache.

"Kwa nini hukushuka?"

"Mlango haufunguki."

Nikauangalia ule mlango, nikamwona Edwin na fulana yake ya mwenge, na mikono yake yenye mikwaruzo, na nikaiona Jumatatu na basi lake. Nilitaka kulia. Nikanyoosha mkono kushika kitasa cha nje.

"Usifungue," Mama akasema. "Aje aliyenifungia."

Yaliyokuwa yametokea nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa kificho, nikayaunganisha. Safari ilikwenda vizuri. Pale stendi Edwin alimfungulia mlango kwa nje, akageuza uso, Mama akapanda. Njia nzima hawakusemezana. Edwin hakutazama hata kioo cha kati, alikikunja juu kikatazama paa, asije akakutana na macho ya mkwe. Jinsi alivyofika salama ajuaye ni Mungu. Walipofika, akakumbuka adabu aliyofundishwa na wajomba zangu: mkwe akimleta mama mkwe nyumbani, asisimame karibu akimtazama anavyoshuka. Ajitenge, mama ashuke, ajitengeneze nguo, aingie ndani. Baadaye ndipo yeye aje asalimie kwa mbali. Basi akashusha vioo, akazima gari, akatoka, akajitenga. Alijitenga mpaka barazani kwa Bi Kudra, nyuma ya nguzo. Simu akaisahau kwenye kiti.

Mama akavuta kitasa cha ndani. Hakikuitika. Akavuta tena. Sasa, mtu mwingine angepiga kelele. Mama hawezi kumwita mkwe wake kwa jina, na kumwita "wewe" hawezi. Kupiga honi angehitaji kupenya katikati ya viti, na ana miaka sitini na tatu. Kutoa mkono dirishani ajifungulie mwenyewe kwa nje, kama kondakta, hilo halikumpitia hata kichwani. Simu ilipolia aliona jina langu limeandikwa, lakini simu ya mkwe haishikwi, na yake mwenyewe ilikuwa kwenye begi, nyuma kwenye buti. Akatoa rozari.

Na Edwin akachungulia kutoka nyuma ya nguzo. Akamwona mama mkwe bado yumo garini, midomo inatembea.

"Anasali," akamwambia Bi Kudra kwa kunong'ona.

"Basi usimkatishe," Bi Kudra akasema. "Safari ndefu, anashukuru. Kunywa kahawa."

Akanywa. Akachungulia tena. Bado anasali. Akazidi kumheshimu. Kila Mama alivyozidi kusubiri, Edwin alizidi kujificha, na kila Edwin alivyozidi kujificha, Mama alizidi kusali. Ndugu zangu, hawa ni watu wawili wazima, na mmoja ana digrii.

Basi nikaita, "Edwin!" Niliita kwa sauti ambayo mjamzito hatakiwi kuitoa.

Akatokeza nyuma ya nguzo na kikombe mkononi. Aliponiona mimi, akamwona na Mama bado yumo, alielewa nusu, na hiyo nusu ilitosha. Alikuja mbio, kahawa ikimmwagikia shati la kikao. Bi Kudra naye akamfuata kwa mwendo wa kujifanya anakuja kwa jambo lingine.

Edwin akashika kitasa cha nje, akageuzia uso wake ukutani, akavuta. Mlango ukafunguka mara moja, laini kabisa.

Mlango unafunguka. Haukuwa na ubovu wowote.

"Devota," Edwin akasema akiutazama ukuta, "mwambie Mama anisamehe. Mwambie kuna..."

"Sema na mimi," Mama akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Edwin pia. Bado alikuwa ameutazama ukuta.

"Nimekaa ndani ya gari lako saa nzima," Mama akasema. "Sisi si wageni tena. Sema na mimi mwenyewe. Kwa nini kwa nje unafunguka na kwa ndani haufunguki?"

Edwin akainama, akaonyesha kidude kidogo ubavuni mwa mlango, chini ya kitasa, hakizidi ukucha. Akaeleza, na sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kwamba jana usiku nilipolala alirudi garini kujaribu tena mlango wake. Kwamba akakiona kile kidude, akauliza kwenye simu, akaambiwa ni loki ya watoto. Ukiishusha, mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani, mtoto asije akachezea kitasa akadondoka gari likiwa kwenye mwendo. Akaishusha. Asubuhi akasahau kuipandisha.

"Ya watoto," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mtoto gani?"

Edwin alinyoosha kidole kuelekea tumbo langu, bila kunitazama hata mimi.

"Huyu?" Mama akasema. "Huyu hajafungua hata kiganja chake, wewe umeshamzuia asifungue mlango?"

Bi Kudra ndiye aliyeanza. Alikaa chini kabisa, pale mchangani, kanga ikamdondoka begani, akicheka huku akisema, "Yarabi, yarabi, mbavu zangu." Mimi nikajishikilia kwenye gari. Na ndani ya gari, kwenye kiti cha nyuma, mama yangu akaanza kutikisika. Sikuwa nimemwona Mama akicheka hivyo tangu tulipomzika baba. Rozari ilimponyoka. Edwin peke yake hakucheka, alisimama kama mtu anayesubiri hukumu, na kweli alikuwa anaisubiri.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alishuka, akausukuma mlango ukajifunga, akaufungua kwa nje. Akaamuru kile kidude kipandishwe, akapanda tena, akajifungia, akafungua kwa ndani. Alifanya hivyo mara tatu. Halafu akaupapasa ubao wa mlango, pale klipu zilipovunjika na ubao unachezacheza kidogo.

"Hapa pamelegea," akasema.

"Klipu zilivunjika, Mama. Tatu."

"Nani alizivunja?"

Angeweza kusema fundi. Klementi alikuwa mbali, asingejua. "Mimi," Edwin akasema. "Mlango nimeutengeneza mwenyewe. Jana."

"Mwenyewe?" Mama akanigeukia mimi, nikaitikia kwa kichwa, na sitaki kusema uongo, kifua kilinijaa.

"Kwa mwiko wangu," nikasema.

Mama akautazama mwiko niliokuwa nao mkononi, akautazama mlango, akaguna. Akamwambia Edwin afungue buti ashushe mizigo. Palikuwa na kiroba cha makopa ya muhogo, kuku wawili waliofungwa miguu, mkeka na begi lake dogo la siku mbili. Edwin akabeba vyote kwa mpigo mmoja ili amalize aondoke. Alipoviweka mlangoni, akarudi kinyumenyume, anaanza kuelekea barazani kwa Bi Kudra, kama adabu inavyotaka.

"Unakwenda wapi?" Mama akauliza.

"Kuwapisha, Mama."

"Kutupisha mpaka wapi? Nyuma ya nguzo?" Mama alikuwa amesimama kwenye ngazi yetu, mikono kiunoni. "Sikiliza, baba. Nilikuja kumchukua huyu. Njia nzima nilikuwa najiuliza gari litafunguka au halitafunguka. Sasa nimekaa humo saa nzima, nimeona shida haikuwa gari. Shida ni kwamba mimi siwezi kukuita na wewe huwezi kunitazama. Uchungu ukimshika huyu saa nane ya usiku, na mimi niko naye chumbani, nitakuitaje? Nisali rozari mpaka uchungulie?"

Hakuna aliyecheka. Hata Bi Kudra.

"Basi haendi mtu," Mama akasema. "Atazalia hapa, na mimi nitabaki. Nitaagiza nguo zangu zije kwa basi. Lakini habari ya kujificha iishe leo. Nikisema 'Edwin', nataka nione mtu anakuja mbio."

Alilitaja jina. Miaka minne, na alilitaja bila hata kulitafuta. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, mwiko wangu umenidondoka mchangani, na jogoo wa watu anaungua jikoni.

"Umenisikia, Edwin?"

"Nimesikia, Mama."

"Unaniambia mimi au unauambia ukuta? Nitazame."

Edwin aligeuka polepole. Akainua macho, akamtazama mama yangu usoni, na Mama akamchekea mpaka meno ya mbele yakaonekana, naye Edwin akaendelea kumtazama zaidi ya kawaida, mpaka nikaona aibu mimi. Baadaye, tukiwa tunaokoa kile kilichosalia cha mchuzi, alinisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyegundua jambo kubwa la historia, "Kumbe mwanya wako umeutoa kwa mama yako."